Ncha Zinazokata

Haya yalimpata rafiki yangu fundi saa, na si mtu wa kuogopa kivuli chake. Kiangazi kijito kikikauka, hushuka na shemeji yake kuokota ncha za mishale ya mawe za watu wa kale. Hupima kwa kidole gumba: ya kale imelambwa na maji hadi makali yameisha, ikikata, imechongwa jana.

Mchana mmoja walifika mahali vichaka vimefunika kijito, giza tupu. Mbele yao wakasikia ko, ko, ko, jiwe juu ya jiwe.

"Labda fundi mwenzako," shemeji akatania.

Mlio ukakoma. Fundi akaokota ncha nyeusi, akapitisha gumba. Damu ikachuruzika.

"Shemeji, hii ni ya leo."

Ko, ko, ko. Safari hii, nyuma yao.

Walitimua mbio, ncha ikiwa bado mkononi. Nyumbani fundi akafungua kufuli la mkebe anamoweka ncha alizookota kwa miaka kumi, zote butu. Alipotia mkono, zikamkata vidole vyote. Ndani ya mkebe, chini kabisa, kulikuwa na vumbi la mawe yaliyochongwa, bado vuguvugu.