Jina la Severini

Kila Jumamosi Eveline na mama yake walitoka Mjimwema asubuhi, wakaenda Mdandu kupogoa miti ya mbao. Baba yake, Elieza, aliipanda mwaka aliozaliwa Eveline. Alipofariki, miti ile ndiyo iliyobaki kuwa mali yao. Mama, Esteria, hakupita kwenye mstari bila kugusa mashina mawili matatu.

Eveline alipofika darasa la saba, miti ilikuwa imekomaa. Mama akaiuza.

"Tutanunua kiwanja Makambako," alisema. "Tujenge vyumba vya kupangisha. Kodi itakusomesha."

Dalali mmoja, Silvanus, akawapeleka kwenye kiwanja kilichokuwa karibu na barabara kuu. Muuzaji, Festo, alikuwa akiwasubiri na karatasi mkononi.

"Kamwene, mama," Silvanus alisalimu. "Amua leo. Kesho anakuja mtu wa Iringa, naye hana maneno mengi."

Mama hakujua kusoma vizuri. Akampa Eveline zile karatasi. Eveline akasoma kimya kimya. Kwenye karatasi ya zamani, mwenye kiwanja aliitwa Severini, si Festo. Alitaka kuuliza, lakini watu wazima watatu walikuwa wamesimama wakimngoja. Tena moyoni mwake nyumba ilikuwa imekwisha kusimama pale, na bati lake jekundu.

"Iko sawa?" Mama aliuliza.

"Iko sawa, mama."

Mama akatia dole gumba.

Mwezi uliofuata walirudi na lori la tofali za kuchoma. Wakamkuta mwanamke akipalilia maharage katikati ya kiwanja. Aliitwa Beatha. Mama alipomweleza, yule mwanamke aliweka jembe chini taratibu.

"Pole, dada yangu. Severini alikuwa mume wangu. Alipofariki alituachia hapa mimi na watoto. Festo ni shemeji yangu, na hii ni mara ya pili anapauza."

Walikwenda ofisi ya mtaa. Mtendaji, Jenifa, alifungua daftari, akawaonyesha jina la Severini, na chini yake la Beatha na wanawe.

"Mlikuja kuuliza hapa kabla ya kununua?"

Mama alitikisa kichwa. Nje, dereva wa lori aliuliza tofali azishushe wapi.

Walikaa kwenye benchi la ofisi. Eveline alishindwa kuvumilia.

"Mama, lile jina niliona siku ile. Niliona, nikanyamaza."

Mama hakumgombeza. Alijifunika uso kwa kitenge, akalia bila sauti, mabega yakitikisika. Eveline alitamani achapwe, ingekuwa nafuu.

Jenifa aliwasaidia kufungua kesi. Silvanus alitoroka. Festo alikamatwa, na mwishowe akarudisha nusu ya fedha. Nusu nyingine alikuwa amekwisha kuitumia.

Kwa nusu ile walitafuta kiwanja kidogo, mbali na lami. Safari hii hawakuharakishwa na mtu. Walikwenda mara tatu, mara moja wakati wa mvua, waone maji yanaelekea wapi. Waliwauliza majirani. Jenifa alihakiki mipaka na jina, na muuzaji alikuja na mkewe kutia sahihi mbele ya mashahidi.

Mama alipochukua kalamu ajaribu kuandika jina lake, Eveline alisema, "Samahani, shikamoo baba. Njia ya gari kufika hapa ni ya nani?"

Muuzaji akakohoa. Ilikuwa ya jirani. Ikabidi jirani aitwe, akubali kwa maandishi, ndipo Mama akatia sahihi.

Walipokuwa wakiondoka, Mama alimshika mkono.

"Mimi niliona aibu watu wajue sisomi vizuri. Wewe uliogopa kuonekana huna adabu. Miti ya baba yako ikaishia hapo. Ardhi, mwanangu, hununui kwa haraka wala kwa aibu. Unauliza ofisini, unauliza jirani, na ukiona jambo halieleweki unasema, hata kama wakubwa wote wamenyamaza. Swali lako la leo si utovu wa adabu."

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe siku ileile," Mama alisema, na machozi yakamtoka tena. "Ila naumia bado."