Mihrabu Iliyonyweshwa Maji

Zama zile dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipitia mikononi mwa miji ya pwani, mji wa Shungi ulitawaliwa na Mwana Tumu, mwanamke mfupi wa kimo, mrefu wa kiburi. Na alistahili kuwa nacho! Msikiti aliokuwa akiujenga haukuwa na mfano: mihrabu ya matumbawe yenye nakshi, iliyopambwa kwa mabakuli ya buluu yanayong'aa, kutoka Uajemi.

Matumbawe yalikuwa ndiyo kwanza yametolewa baharini pale jeshi la Tungwe, mji hasimu, lilipouzingira mji kwa mikuki na mishale, likaziba njia za mtoni na ufukweni. Visima vya Shungi vikageuka tope. Maji yaliyosalia yakawa ya birika la msikiti tu.

Mwana Tumu akamwita Chande, fundi wa nakshi. "Chonga."

"Mwana, tumbawe likikauka halichongeki. Lataka kuloweshwa kutwa."

"Liloweshe kwa maji ya birika."

Khatibu Shekuwe hakuamini masikio yake. "Watu wana kiu, Mwana, nawe wanywesha jiwe? Tutatawadha kwa nini?"

"Tutatayamamu kwa mchanga, Khatibu. Kwa ada yetu, Ijumaa vita husimama. Amiri wa Tungwe atakuja kusali, naye ni mtu wa pwani. Jiwe bichi analijua."

Mji ulinung'unika, tena kwa haki. Kina mama walisikia maji yakimwagwa juu ya jiwe wakalia kwa uchungu. Hata hivyo hakuna aliyeligusa birika.

Ijumaa ilipofika, Amiri Mngumi aliacha jambia lake mlangoni, akasali, kisha akaisogelea mihrabu. Maua ya mawe yalipanda hadi juu, na mabakuli yaliwaka buluu kwenye chokaa mbichi. Akaweka kiganja juu ya nguzo ya kulia. Ilikuwa chepechepe, maji yakichuruzika hadi sakafuni.

"Fundi, jiwe hili mwalilowesha kwa maji matamu?"

"Ya bahari mmetunyima, Amiri," Chande akajibu.

Amiri akawageukia watu wake, uso umemshuka. "Twendeni zetu. Hawa tutawangoja mpaka tuote mvi."

Kulipokucha, mahema ya Tungwe hayakuwapo. Mji mzima ukatimua mbio kwenda mtoni, Chande miongoni mwao, wakanywa huku wakicheka na kulia. Aliporejea kazini alikuta nguzo ya kushoto, iliyochongwa nusu, imekauka kabisa. Patasi haikuingia tena. Akaomba ruhusa ya kuibomoa.

"Iache hivyo hivyo," akasema Mwana Tumu. "Watakaokuja waone mahali tulipoacha kazi tukaenda kunywa maji."