Nimekupigania, Mke Wangu

"Mama, hivi visheti ni vya nani?"

"Vyenu, mwanangu. Vyenu wote humu ofisini. Nimevipika mwenyewe, hiliki nimetia ya kutosha."

Mama alilisukuma beseni juu ya meza mpaka likagusa kompyuta. Dada Scholastika, mkuu wa ofisi ya ufadhili chuoni kwetu, alilitazama beseni, akamtazama mama, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimeinamia vidole vya miguu yangu. Ndivyo nilivyo. Kwenye ofisi za watu siongei mpaka nisemeshwe.

"Asante, mama. Lakini mmetuletea kwa sababu gani?"

"Shukrani. Kesho baada ya sala ya Ijumaa wazee wanakuja kuchukua jibu la posa ya huyu Shamsa. Nikasema hatuwezi kujibu kabla hatujaja kuwashukuru nyie mliomsikiliza Nassibu, huyo anayemposa, alipompigania. Mimi nauza khanga Kariakoo, baba yake fundi cherehani hapo Mchafukoge. Chuo binafsi tungekiweza wapi?"

"Alimpigania?"

"Jina lake si lilikatwa kwenye ufadhili? Nassibu akaingia kwenye kikao, akagoma kutoka mpaka likarudishwa."

Scholastika alicheka kidogo. Alipoona hatucheki, akaacha.

"Mama, Nassibu ni karani wangu. Anapokea fomu, anapanga mafaili. Kwenye kikao haingii hata kupeleka chai."

Mama akanigeukia.

"Shamsa, kidato cha sita ulipata daraja gani?"

"La kwanza, dada. Pointi tano."

"Basi. Hapa kila anayeingia na daraja la kwanza anapunguziwa nusu ya ada. Haombi mtu. Namba yake ya mtihani ikiingia kwenye mfumo, ada inashuka yenyewe. Na kila mwaka inaendelea, mradi GPA isiwe chini ya tatu nukta tano. Yako ni ngapi?"

"Nne nukta tatu."

"Sasa hapo kuna vita gani? Barua yako hukuisoma?"

"Nassibu alisema barua hazitolewi kwa wanafunzi."

Scholastika alitoa faili langu. Barua ilikuwa ya kwanza kabisa. *Ndugu Shamsa Mbaruku, tunakupongeza kwa ufaulu wako.* Niliangalia tarehe. Ilikuwa imeandikwa wiki tatu kabla Nassibu hajanikuta nalia nje ya dirisha la malipo, akaninunulia maji na kuniambia, "Usilie, mdogo wangu. Nitaangalia la kufanya."

Barua ilikuwa mezani kwake siku hiyo.

"Kinachonishangaza mimi," Scholastika akaendelea, "ni kwamba mwaka jana uliukataa ule mkubwa."

"Upi?"

"Ufadhili kamili. Ule ndio unaopita kwenye kamati, nafasi moja kila kitivo. Ada yote, bweni, vitabu. Kamati ilikuteua wewe. Mteule ana siku kumi na nne za kukubali au kukataa kwa maandishi, na wewe ukakataa. Hii hapa."

*Nakataa kwa sababu za kifamilia.* Chini yake, saini yangu. Mkia wa ile S ulikuwa umetoboa karatasi.

Nikakumbuka. Tulikuwa tumesimama ngazini, yeye ana karatasi mkononi. "Saini hapa haraka, mke wangu, ni za kuhuisha ufadhili." Hapakuwa na meza. Akanigeuzia mgongo, akainama kidogo, nikasaini juu ya mgongo wake huku ananukia udi. Akasema ninamtekenya. Tulicheka mpaka watu wakatugeukia.

"Alipewa nani?" mama aliuliza.

"Aliyefuata. Anaitwa Severa. Anasoma vizuri tu, siwezi kumnyang'anya."

Mama akalivuta beseni kuelekea kwake, kisha akaona haya, akalirudisha.

"Kuleni," akasema. "Nyie hamna kosa."

Tulipofika getini simu yangu ikatetemeka.

*Mke wangu, muhula huu majina yalikuwa yanakatwa tena. Nimekupigania. Wewe jipumzishe tu, kesho ni siku yetu.*

Meseji za namna hiyo nilikuwa nazo nne, moja kila muhula, na zote nilikuwa nimezihifadhi. Niliinama kando ya mtaro nikatapika chai ya asubuhi.

*

Nilimwambia tukutane Mnazi Mmoja, saa kumi. Alikuja anatabasamu, kavaa shati alilolishona baba yangu.

"Mambo, mke wangu?"

"Ulinisainisha nini pale ngazini?"

Tabasamu likaondoka.

"Nani kakwambia?"

Hakuuliza ninaongelea nini. Aliuliza nani kaniambia.

"Siku uliyonikuta nalia, barua yangu ilikuwa wapi?"

"Shamsa, tukae kwanza. Watu wanatuangalia."

"Ilikuwa wapi?"

"Mezani kwangu."

"Si ungenipa?"

"Ungesema asante kaka, halafu ungepita zako. Wasichana kama wewe mnatutazama makarani? Nilitaka unitazame."

"Nilikutazama miaka miwili. Mama anakuletea pilau kila Ijumaa. Baba yangu, mzee mzima, ukiingia anasimama anakupisha kiti. Na mimi kwenye dua nakutaja wewe kwanza, yeye namtaja baadaye."

"Sasa hayo si mapenzi?"

"Na ule ufadhili mwingine?"

Akakuna shingo.

"Ungehamia bweni. Ungezoeana na wenye hadhi yako. Mtu akipenda anaogopa kupoteza, Shamsa. Ningekuwa sikupendi ningekuacha uende."

Aliyasema kwa upole. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na nadhani alikuwa anayaamini kabisa. Akanyoosha mkono anishike shavu. Huo mkono nilikuwa naupenda. Siku hiyo niliuona kama kitambaa cha kufutia sakafu ya choo, nikarudi nyuma mpaka nikamkanyaga mtu aliyekuwa anapita.

"Usiniguse."

"Haya." Sauti ikabadilika. "Lakini kumbuka mafaili yote yanapita kwangu. Una mwaka mzima wa kumaliza. Karatasi huwa zinapotea, unajua."

Nilikuwa nimekuja na kamoyo bado kanamtetea. Hapo kakanyamaza.

*

Ijumaa, Mzee Abubakary, mjomba wake Nassibu, alikaa sebuleni kwetu na wenzake wawili. Mama alikuwa ameshamweleza baba. Baba alisikiliza, akaniambia tu, "Jibu ni lako, nitalisema utakavyotaka." Sisi wanawake tulikuwa chumbani, nyuma ya pazia.

"Hatuna maneno mengi," Mzee Abubakary alisema. "Kijana wetu amemsomesha binti yenu. Hajamvunjia heshima, hajadai kitu. Tunaomba tumalizie kheri."

Baba akasema, "Nimuulize mwenyewe."

Nilitakiwa nimnong'oneze mama, mama apeleke jibu. Nikafungua pazia.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia Mzee Abubakary.

"Marahaba, bibi harusi!" Wazee wakacheka.

"Nassibu hakunisomesha. Nilifaulu mwenyewe, akanificha barua yangu."

Nikamkabidhi nakala ya barua hiyo niliyopewa ofisini, pamoja na ile ya kukataa. Mzee Abubakary alivaa miwani, akasoma taratibu, midomo ikicheza. Kisha akakohoa.

"Binti yangu, vijana wakipenda hutia chumvi kidogo. Usimkosee shukrani mtu kwa…"

"Chumvi gani hii, baba? Alichukua kitu changu, akanipa nusu, halafu akataka nimshukuru maisha yangu yote. Nikimfikiria nasikia kichefuchefu. Siwezi kulala kitanda kimoja na mtu huyo."

Mama akashtuka, "Shamsa!" Maneno kama yale hayasemwi mbele ya wazee. Lakini yalikuwa yameshatoka, na sikuyajutia.

Baba akasimama.

"Wazee, jibu mmelisikia. Tena mwambieni yule kijana, nikimwona kwenye baraza langu nitasahau kuwa mimi ni mtu mzima."

Walivaa viatu bila kugusa juisi.

*

Jumatatu nilipeleka malalamiko kwa maandishi, kurasa mbili. Scholastika aliyasoma yote.

"Unataka afukuzwe?"

"Hilo ni lenu, dada. Mimi naomba muangalie kama kuna barua zingine."

Nassibu alikuwa amesimamishwa tangu asubuhi, na fundi alikuwa ameshavunja kufuli la droo yake. Ndani mlikuwa na bahasha saba za chuo, hazijafunguliwa. Scholastika alizipanga mezani moja moja, akawa anasoma majina. Kila jina aliloliita, sauti yake ilizidi kushuka. Wote walikuwa wasichana wa mwaka wa kwanza. Juu ya bahasha mbili palikuwa na namba za simu kwa kalamu ya risasi, mwandiko ninaoujua vizuri.

"Mungu wangu," Scholastika akasema, akajifuta mikono kwenye sketi. "Nikipiga mimi wataogopa. Piga wewe."

Mimi, ambaye hata kuagiza chakula kwa simu natetemeka. Nilichukua ya kwanza kati ya zile mbili, nikabonyeza namba. Ikaita mara tatu.

"Hallo? Naongea na Sabaha?"

"Ndiyo. Nani mwenzangu?"

"Hunijui. Naitwa Shamsa, nasoma mwaka wa tatu. Nakupigia kuhusu ada yako. Umepunguziwa nusu, mdogo wangu. Umefaulu, ni haki yako. Barua yako ninayo hapa mkononi."

Nyuma yake nilisikia kelele za gereji, nyundo na bati.

"Mbona mimi nimeambiwa jina langu limekatwa?" alisema taratibu. "Kuna kaka mmoja wa hapo ofisini, mtu mwema sana. Amesema tukutane leo hii hapa Ilala, kuna karatasi za kusaini. Anasema ananipigania."

Nilishasimama, mkoba begani.

"Sabaha, uko Ilala sehemu gani? Usisaini kitu. Nisubiri hapo hapo, nakuja."