Uzi wa Mguu wa Kuku

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya makontena ya Kurasini, Tusajigwe alikuwa amekwisha kaa kwenye kigoda nyuma ya kibanda cha mama yake, beseni la miguu ya kuku likiwa mbele yake. Mama aliimwagia maji ya moto, naye Tusajigwe akaimenya ile ngozi ngumu ya njano, mguu mmoja baada ya mwingine. Makuli na madereva wa malori waliokuja kunywa supu waliiita ngozi hiyo soksi.

"Tusa, leo kuku wamevuliwa soksi?" aliuliza Rogers, dereva wa lori ambaye hakukosa supu hata siku moja. "Maana juzi nilikutana na mmoja kavaa mpaka magotini."

"Shikamoo, anko. Huyo alikuwa anaenda shule."

"Marahaba. Basi mwambie arudi, wenzake wanamsubiri kwenye sufuria."

Rogers alimnyooshea dole gumba, na Tusajigwe akamnyooshea la kwake, limelowa na kunuka kuku. Ndivyo walivyoagana siku zote.

Kazi ile ilikuwa na mchezo wake. Pale mguu wa kuku ulipokatwa hutokeza nyuzi nyeupe, nyembamba na imara. Tusajigwe akivuta mmoja, vidole vya kuku hujikunja kama vinavyotaka kushika kitu. Akivuta mwingine upande wa pili, hunyooka. Mama akimwona humwambia, "Acha kuwasalimia marehemu. Chakula hakichezewi." Lakini midomo yake hucheka.

Tusajigwe alikuwa darasa la saba, na mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki wiki kumi na moja. Kila Jumamosi Mwalimu Sebastian alijitolea kuwafundisha hesabu wanafunzi waliotaka. Mama yake hakusoma kupita darasa la nne, kwa hiyo Jumamosi ilipofika alimwondoa mapema kwenye beseni, akamwambia, "Nenda. Hayo mengine nitamalizia mwenyewe."

Na Tusajigwe alikwenda, ila kwa Jumamosi tatu mfululizo hakwenda kwa Mwalimu Sebastian. Alikwenda kwa rafiki yake Avelina, mtaa wa pili, ambako wazazi walishinda sokoni na televisheni ilionyesha tamthilia tangu asubuhi. Mara ya kwanza moyo ulimdunda. Mara ya tatu haukudunda tena.

Jumamosi ya nne alikaa kwenye kiti kirefu cha mbao sebuleni kwa akina Avelina, akautupa mkono wa kulia nyuma ya egemeo. Kulikuwa na joto, na alikuwa ameamka alfajiri. Usingizi ukamchukua kabla hajajua bwana harusi wa tamthilia kakimbilia wapi. Alilala hivyo hivyo, kwapa limening'inia kwenye ubao, mpaka Avelina alipomtikisa adhuhuri.

"Wewe, amka. Mama anakaribia kurudi."

Tusajigwe alijaribu kujiinua. Mkono wa kulia haukumsaidia. Kiganja kilikuwa kimeangukia chini, kimelegea kama kitambaa kilichoanikwa.

"Ni ganzi tu," alisema, akautikisa, akaupulizia, akaukanda. Mkono ukabaki vilevile.

Avelina aliutazama. "Hebu unyanyue."

"Ndo naunyanyua."

"Mbona haunyanyuki?"

Tusajigwe alirudi nyumbani akiushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyebeba kitu cha mwenzake.

Mama aliacha upawa kwenye sufuria. Aliugeuza mkono huku na huku, akapapasa kifundo na vidole. "Umefanya nini? Umeanguka?" Kisha macho yake yakaenda kwenye beseni, yakarudi kwa mwanawe, na sauti yake ikashuka. "Au ni hii miguu ya kuku? Imekuchosha mkono?"

Mlango wa kuukwepa ukweli ulikuwa umefunguliwa, na kilichotakiwa ni kupita tu. Tusajigwe alitikisa kichwa kukubali.

Jioni ile walikwenda kwa Mzee Abdulrahman, mkandaji wa viungo aliyeheshimika mtaani. Alikipapasa kifundo kwa vidole vyake vinene, akakibonyeza kila upande, akaufuta mkono kwa kitambaa na kulifunika kopo lake la mafuta.

"Mama Tusa, kiungo kilichoteguka hulia ukikigusa. Hiki kimenyamaza. Mie sikandi kitu nisichokijua. Jumatatu mpeleke hospitali."

Jumapili mama alimenya miguu yote peke yake. Rogers alipoulizia, alimjibu bila kuinua macho, "Nimemtumikisha mno mtoto, shemeji. Nimemharibia mkono kwa ajili ya supu. Na mtihani ndo huu hapa."

"Usijilaumu hivyo," Rogers alisema. Akamgeukia Tusajigwe na kumnyooshea dole gumba, polepole, kama anayeuliza swali.

Tusajigwe aliliamuru dole gumba lake linyanyuke. Halikusogea hata kidogo. Akaingiza mkono chini ya kanga, akageukia ukutani. Hakujua kipi kilimuuma zaidi: mkono usiouma, au maneno ya mama yake.

Jumatatu, kwenye kituo cha afya, mganga wa zamu alikuwa na foleni ndefu. Alisikia habari ya kumenya miguu ya kuku, akaandika kwamba kifundo kimechoka, kifungwe plasta ngumu kwa wiki sita. Akawaelekeza chumba cha mwisho, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Huko walimkuta Bi Fatema, mama mwembamba aliyejitanda mtandio mweupe, miwani imeshuka puani. Ndoo ya plasta ilikuwa tayari pembeni. Lakini hakuanza kufunga. Aliuweka mkono wa Tusajigwe mezani, akaketi mbele yake.

"Nibane kidole changu."

Tusajigwe alijaribu. Mbano ulikuwa dhaifu kama wa mtoto mchanga.

"Sasa ngoja." Bi Fatema alikinyanyua kile kifundo kilicholegea, akakishikilia kimenyooka kwa mkono wake mmoja. "Nibane tena."

Safari hii vidole vilibana sawasawa, hata Bi Fatema akakunja uso. Mama alisogea mbele kwenye kiti.

"Umeona? Wanaokunja wapo kazini," alisema Bi Fatema. "Waliolala ni wanaonyanyua. Na kifundo hakijavimba, hakiumi. Mama, mnafanya kazi gani na kuku?"

"Nauza supu ya miguu, daktari. Yeye ananisaidia kumenya."

"Mie si daktari, ila nashukuru. Tusajigwe, umewahi kuvuta ule uzi mweupe kwenye mguu wa kuku?"

Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, Tusajigwe alitabasamu. "Vidole vinajikunja. Na wa upande wa pili vinanyooka."

"Basi wewe umeshajua nusu ya kazi yangu." Bi Fatema aliupindisha mkono mzima, wa kushoto, akamwekea kiganja cha kulia juu ya kigasha, sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo, akamwambia achezeshe vidole vya kushoto. "Unasikia nini kinacheza chini ya ngozi?"

"Nyama."

"Misuli. Vidole vyenyewe havina misuli ndani yake. Kiganjani imo midogo, lakini ile yenye nguvu imekaa huku kwenye kigasha, nayo huvuta kwa mbali kwa nyuzi kama zile za kuku. Zinaitwa kano. Za upande wa ndani hukunja. Za upande wa nje hunyanyua kifundo, hunyoosha vidole na dole gumba. Sasa hao wote wa upande wa nje hupokea amri kwa neva moja tu, yaani mshipa mmoja wa fahamu." Alipitisha kidole nyuma ya mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. "Inazunguka mfupa hapa. Ikibanwa hapa, wote hulala kwa pamoja. Kumenya kuku hakubani hapa. Nataka kujua, kuna kitu kilikubana huku juu?"

Tusajigwe aliangalia ndoo ya plasta. "Hapana."

Bi Fatema akamgeukia mama. "Kama hakuna, siwezi kumfunga plasta nikakaa kimya. Itabidi niwaandikie hospitali kubwa wamwangalie shingo, wapige na picha ya kichwa. Mkono unaolala bila sababu tunautafutia sababu mpaka huko."

"Kichwa?" Mama alishika kifua. "Mwanangu ana kitu kichwani?" Machozi yalimtoka palepale, bila sauti. "Ni mimi. Nilimwamsha alfajiri kila siku. Ni mimi, daktari."

Tusajigwe alimtazama mama yake akipangusa uso kwa ncha ya kitenge kilichonuka moshi wa kuni.

"Mama, si kuku," alisema. "Nililala kwenye kiti cha akina Avelina. Kile cha mbao. Mkono nilikuwa nimeutupa nyuma, hivi." Akaonyesha kwa mkono wa kushoto. "Sikwenda kwa mwalimu. Jumamosi nne sikwenda. Nilikuwa naangalia tamthilia."

Nje mtu aliitwa jina kwenye foleni.

"Ulilala muda gani?" aliuliza Bi Fatema.

"Tangu asubuhi mpaka adhuhuri."

"Na ubao ulikubana hapa kwapani, ukashuka mpaka hapa nyuma?"

"Ndiyo."

Bi Fatema alivua miwani, akashusha pumzi ndefu, na uso wake wote ukalainika. "Alhamdulillahi. Mama, futa machozi. Kichwa chake hakina kitu, na wewe hukumharibu mtu. Neva imelaliwa, haikukatika. Huamka yenyewe. Wengine wiki tatu, wengine wiki nane au zaidi."

"Itaamka kweli?" mama aliuliza.

"Mara nyingi sana huamka. Na plasta hatufungi." Alitoa kabatini kigango chepesi cha kushikilia mkono, chenye mikanda, akakivalisha ili kifundo kikae kimenyooka. Kisha akamwekea kalamu vidoleni. "Andika jina lako."

Herufi zilitoka zimepinda kama barabara ya vumbi, lakini zilitoka. Tusajigwe aliisoma karatasi mara mbili.

"Kila siku vinyooshe vidole kwa mkono mwingine, visikakamae," Bi Fatema alisema. "Halafu viamuru vinyanyuke, hata visipotii. Kitaanza kifundo, vitafuata vidole. Dole gumba ndilo mvivu, litaamka mwisho. Na nikuambie, mwanangu. Mie sina macho ya kuona Jumamosi yako. Mgonjwa akinificha, natibu mahali pasipoumwa. Dawa ya kwanza ya ugonjwa wowote ni habari ya kweli."

Walipofika karibu na yadi ya makontena, mama alisimama.

"Siku mbili nimelia kwa kosa lisilo langu," alisema. "Na wewe ulikuwa unaniangalia."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini utakwenda mwenyewe kwa Mwalimu Sebastian, umweleze kwa mdomo wako."

Alikwenda siku hiyohiyo. Mwalimu Sebastian alisikiliza mpaka mwisho, akatazama kigango, akamwambia, "Una Jumamosi nne za kulipa. Utakuja na Jumatano." Tusajigwe akaona hiyo ni adhabu nyepesi kuliko ile aliyojiandalia moyoni.

Wiki mbili hakuna kilichotokea. Tusajigwe aliamuru, mkono ukamdharau. Wiki ya tatu, akiwa kwa Mwalimu Sebastian amevua kigango ajikune, kifundo kilinyanyuka kiasi cha unene wa kalamu, kikaanguka. Aliketi akikiangalia, akaogopa hata kumwambia mtu. Wiki ya nne kilisimama chenyewe, na wiki ya tano vidole vikanyooka kimoja kimoja kama watoto wanaoitwa kwenye mstari. Bi Fatema alimpunguzia saa za kuvaa kigango. Mama naye alipunguza kitu: Jumamosi hakumwamsha tena alfajiri. "Usingizi ulale kitandani kwako," alisema, "siyo kwenye viti vya watu."

Ilibaki wiki moja kabla ya mtihani. Asubuhi hiyo Tusajigwe alikuwa kwenye kigoda chake, anamenya taratibu kwa mikono miwili. Rogers alimaliza supu, akafuta midomo.

"Mama Tusa, leo umewavua soksi vizuri. Tusa, nakwenda zangu." Akanyoosha dole gumba kwa mazoea, akageuka kuelekea lorini bila kungoja.

"Anko."

Rogers aligeuka. Mkono wa kulia wa Tusajigwe ulikuwa hewani, umelowa, na dole gumba limesimama.

Rogers hakutania safari hiyo. Alirudi hatua mbili, akalitazama dole lile, akamtazama mama. Mama aliacha moto, akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akalikunja dole gumba, akaliacha. Likanyooka lenyewe. Akalikunja tena. Likanyooka tena. Hapo ndipo alipocheka, kicheko cha mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani.

Kisha aliokota mguu mmoja wa kuku kutoka kwenye beseni, akavuta uzi wake mweupe, na vidole vikajikunja mbele ya mwanawe.

"Nilikuwa nakukataza mchezo huu," alisema, "kumbe una elimu ndani yake. Unaona, Tusa, kidole kinacheza huku, lakini anayekivuta yuko mbali. Na kosa ni hivyohivyo. Lako lilikuwa kwenye kiti cha watu, kilio kikawa kwangu. Siku nyingine ukikosea, niambie uzi uko wapi. Tusihangaike na kidole."

"Nitakuambia, mama."

"Haya. Nawa mikono ushike daftari. Hii iliyobaki namalizia mwenyewe."