Bawabu Asiye na Macho

Bawabu hakuwa na macho, lakini alimjua kila mtu chuoni. Ukigusa kibodi tu, alisikiliza mwendo wa vidole vyako: huyu hubofya haraka kisha husita, yule hukandamiza herufi kama anayekanda unga. Mwendo ukibadilika, alihesabu kwamba mgeni ameingia, akaitenga kompyuta hiyo na mtandao papo hapo, ili virusi visienee kwenye nyingine elfu sita.

Alikuwa programu ya ulinzi, na Mhandisi Zamda Mkwizu ndiye aliyemtengeneza. Wanafunzi wa masomo ya jioni walikuwa wakiazimana nywila kama wanavyoazimana kalamu, na ukarimu huo ukamwingiza mwizi aliyefuta mitihani ya mwaka mzima. Tangu Bawabu aanze kazi, shwari.

"Chumba cha tisa," Bawabu alimwambia Zamda ofisini jioni moja. "Vidole si vya mwenyewe. Nimetenga kompyuta."

Zamda hakuwahi kumwona mwizi kwa macho yake. Akashuka mbio.

Alimkuta Leokadia, mwanafunzi wa uuguzi, ananyonyesha kichanga. Mkono mmoja umemshika mtoto, mwingine uko juu ya kibodi. Skrini nyeusi. Mtihani wake wa mwisho ungefungwa saa kumi na mbili jioni, na zilibaki dakika ishirini.

"Mwizi ndo huyu?" jamaa wa safu ya nyuma aliangua kicheko. "Bawabu gani, hata mama mkwe ana nafuu!"

"Dada, mimi ni mimi," Leokadia alisema, machozi yakimlenga. "Dada wa kazi kaugua, ikabidi nije na mwanangu. Nimeandika kwa mkono mmoja, basi."

"Tumia nywila yangu, shosti," jirani yake akamsogezea kibodi. "Mie nimeshamaliza."

"Usiguse!" Zamda alimaka. "Akihesabu mgeni wa pili humu, chumba kizima kinatengwa."

"Basi mfungulie wewe uliyemtengeneza," jirani akajibu.

"Siwezi. Nilimfunga hata mimi nisimwamuru. Niliogopa kubembelezwa." Akamnyooshea Leokadia mikono. "Lakini bado anasikiliza. Akivisikia vidole anavyovijua, atafungua. Hebu nipe mtoto."

Mtoto alipiga kelele za kukatishwa ziwa. Zamda alimweka begani, akazunguka naye kati ya meza, huku Leokadia akiandika kwa mikono miwili. Mstari wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu skrini ikawaka, majibu yake yote yakiwa palepale.

Mtoto alitulia, akamcheulia Zamda maziwa shingoni. Zamda hakujifuta. Aliinamia kipaza sauti kilichokuwa ukutani.

"Bawabu, muhula huu umetenga wanafunzi wangapi wa jioni?"

"Kumi na tisa."

"Wangapi walirudi masomoni?"

"Wawili."

"Na hao wengine walikuwa wezi?"

"Sijui," Bawabu alijibu. "Hakuna aliyeshuka kuwaangalia."

Zamda alimhamishia mtoto bega la pili, akaomba kalamu kwa yule jamaa wa safu ya nyuma.

"Nitajie majina yao," alisema. "Polepole, mmoja mmoja."