Mti wa Apolonia

Kila asubuhi ya likizo Veneranda alikuwa na kazi zake: kufungulia kuku, kufagia uwanja, kuosha vyombo vya usiku, kisha kumwagilia mti wa Krismasi uliosimama sebuleni ndani ya ndoo. Mti wenyewe ulikuwa msindano mchanga, wenye majani membamba marefu, uliovishwa pamba, maputo na karatasi za kumetameta.

Pale Mafinga mti si kitu cha kushangaza mtu. Malori ya mbao hupita tangu alfajiri, na harufu ya utomvu huingia hadi jikoni. Kwa hiyo sikukuu zikiisha, familia nyingi hazihangaiki na mti wa Krismasi. Wengine huutupa korongoni, wengine huukatakata wakachemshia maharage, na kwa kina Severina, jirani na mwenzake Veneranda, matawi hutandikwa bandani mbuzi wapate pa kulala pakavu. Lakini nyumbani kwa Mzee Kalinga, baba yake Veneranda, mambo yalikuwa tofauti. Wao walitumia mche wenye mizizi yake, na baada ya sikukuu waliupanda nyuma ya nyumba. Tena mwaka ambao mtoto wa nyumba ile anaanza darasa la kwanza, mti huo huwa wake, autunze, nao ukue pamoja naye.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya Apolonia, kitinda mimba wao. Furaha ilimzidi kimo. Kila akiamka aliuamkia mti shikamoo, hadi mama yake akamwambia, "Mwanangu, huo ni mdogo kwako. Wewe ndiye wa kuamkiwa!"

Jumatatu iliyofuata sikukuu ya Tokeo la Bwana, Mzee Kalinga alimwita Veneranda kabla hajaondoka kwenda kazini kwenye kiwanda cha kupasulia mbao.

"Vene, mama, leo mti utoke. Chimba shimo likufike magotini. Uilaze ndoo taratibu, uutoe mti pamoja na udongo wake. Mdogo wako anakwenda na mama kupimwa sare. Akirudi aukute umesimama."

"Sawa, baba."

Veneranda alivua mapambo, akaikokota ndoo hadi nyuma ya nyumba na kuanza kuchimba. Kumbe mahali pale paliwahi kuwa na mlingoti, ule mti wa mkaratusi, na mizizi yake ya zamani ilikuwa bado imejaa ardhini. Kila alipopiga jembe, lilidunda. Alipofikia kina cha kifundo cha mguu alikuwa ametota jasho, na hapo ndipo sauti ya Severina iliposikika ng'ambo ya ua.

"We Vene! Rede inaanza, tumepungukiwa mmoja! Kesho shule, ujue!"

Veneranda aliutoa mti kwenye ndoo, akaujaribu shimoni. Bonge la udongo na mizizi lilibaki juu, shimo halikulitosha hata nusu. Akatazama shimo. Akatazama njia ya uwanjani. Kando yake palikuwa na panga alilofyekea magugu.

Alikata shina chini kabisa, juu kidogo ya mizizi. Akalichonga ncha, akalichomeka kwa nguvu ardhini, akafukia na kukanyaga udongo mpaka ukashikamana. Bonge la mizizi alilitupa kwenye shimo la taka, akalifunika kwa maganda ya viazi. Ndoo aliiosha ikang'aa. Kisha akakimbia kucheza.

Jioni sifa zilimiminika. "Tazama ulivyonyooka!" alisema Mzee Kalinga.

"Na ndoo kaosha, bila kuambiwa!" mama yake aliongeza. "Kweli binti yangu amekua."

Apolonia alimkumbatia dada yake kiunoni, akamwambia, "Asante, dada Vene." Veneranda hakugusa ugali wa usiku ule. Alisingizia tumbo akaenda kulala.

Angalau mti ungekauka upesi, mambo yakaisha! Lakini zilikuwa siku za mvua, na msindano uliokatwa hukaa na ukijani wake muda mrefu. Kila asubuhi, akiwa na sare yake mpya, Apolonia aliupelekea mti kikombe cha maji. Alileta wenzake wa darasa la kwanza wauone. Jirani mmoja akasema wazi, "Jamani, mti umeshika!" Veneranda, aliyekuwa akichambua mchicha, aliinamisha kichwa asionekane uso.

Alijifariji kwa namna yake. Matembele huchomekwa tu yakaota, alijiambia. Mashina ya mihogo vilevile. Huenda na msindano ukatoa mizizi, na asiwe na la kueleza. Aliazimia kusema ukweli kesho, na kesho ikifika aliona ni heri kesho kutwa. Aibu haikumpungua. Alianza hata kupitia njia ya mbele ya nyumba, asiuone ule mti.

Mwezi wa pili ulipofika, majani yalianza kuwa manjano, kisha yakawa mekundu kama kutu. Jumapili moja, waliporudi kutoka misani, familia nzima ilisimama mbele ya mti. Ulikuwa umekufa, hapakuwa na ubishi.

"Apolonia," mama yake alisema kwa ukali, "si nilikukuta unaumwagia maji ya vyombo? Maji ya sabuni ndiyo yameuua huu mti!"

"Ilikuwa mara moja tu, mama," Apolonia alisema. "Niliona kama una kiu."

"Haya, ndiyo ujifunze kusikia unachoambiwa."

Apolonia alichuchumaa, akashika tawi kavu kwa mikono miwili. "Nisamehe, mti," alisema huku akilia. "Sikujua."

Veneranda aliona masikio yanamwaka moto. Siri yake ilikuwa salama. Angenyamaza tu, kesi ingefungwa, na hakuna ambaye angejua maisha yake yote. Lakini kumtazama mdogo wake akiomba msamaha kwa kosa asilolitenda kulimshinda.

"Mama, usimgombeze," alisema. Akashika shina kwa mkono mmoja, akalivuta. Lilitoka bila kazi yoyote. Akalilaza kwenye majani mbele yao.

Mzee Kalinga aliliokota, akaligeuza. Mtu ashindaye na mbao hahitaji kuelezwa alama za panga. "Nani kachonga hii ncha?"

"Mimi, baba. Siku ile ile. Shimo lilikuwa gumu, nami nilitaka kwenda kucheza rede. Mizizi niliitupa. Nikawadanganya."

Mama aliziba mdomo kwa kanga. Apolonia akafuta kamasi kwa mkono, akamtazama dada yake.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, mdogo wangu. Hata ungemwagia maji gani, kilikuwa kijiti tu."

Apolonia akashusha pumzi, akatabasamu kidogo. Tabasamu lile lilimuumiza Veneranda kuliko kiboko chochote. Mama alimvuta yule mdogo kifuani. "Nisamehe nami, mwanangu. Nimekulaumu bila kuchunguza."

Wiki iliyofuata, kila akitoka shule, Veneranda alikwenda kwenye kitalu cha miche cha Mzee Jailos kumsaidia kujaza udongo kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya miche. Jumamosi Mzee Jailos alimpa msindano mmoja wenye afya. Safari hii alichimba kwa subira, akakata mizizi ya mlingoti, mzizi mmoja baada ya mwingine, mpaka shimo likamfika magotini na viganja vikatoka malengelenge. Baba yake alichana kiriba, akampa mche.

"Subiri!" Apolonia alipiga kelele. "Nionyeshe mizizi kwanza."

Veneranda alishtuka. "Kwani huniamini?"

Apolonia alitikisa kichwa, bila hasira. "Bado sikuamini, dada."

Machozi yalimlengalenga Veneranda. Baba yake alimwekea mkono begani.

"Usimkasirikie, mwanangu. Uvivu wako tumeusamehe, na shimo umelichimba. Ila uliposema umepanda na hukupanda, ulimfundisha mdogo wako kwamba neno lako halitoshi. Kosa liseme siku ile ile, lingali dogo. Ukilificha litamwangukia asiye na hatia, kama ulivyoona. Na imani ya mtu huwezi kumdai. Utafanya kazi mpaka airudishe mwenyewe."

"Nimeelewa, baba," Veneranda alisema.

Akapiga magoti, akauinua mche juu kwa mikono miwili, na kuushikilia pale mpaka Apolonia alipomaliza kuitazama mizizi yote.