Matone Manane

Kibanda-tulizi hakikuwa na mhudumu. Mtu aliingiza kidole kwenye tundu, sindano nyembamba kuliko unywele ikamdonoa, na kabla hajakohoa mashine ilikwisha kusoma vinasaba vyake, ikajua ni nani na mwili wake umezoea kiasi gani. Kisha ilimpulizia puani matone yake ya tulizo, dawa ya kulegeza mwili na kufukuza mawazo. Mgeni alipewa tone moja. Mzoefu alipewa zaidi, maana mwili ukishazoea, tone moja haliufanyi lolote. Jiji zima la Mwanza lilipanga foleni, mahakimu kwa wabeba mizigo, na wote walitoka wakitabasamu kama watoto walioshiba.

Aliyekibuni ni mwanamama, Mhandisi Kulwa Masanja. Alama za vidole alizikataa mapema, kwa sababu wafanyakazi wa viwanda vya samaki vidole vyao vilikuwa vimechubuka kwa chumvi na barafu. Damu, alisema, haidanganyi. Na kwa kuwa hakutaka kuijaribu dawa kwa watu wengine, aliijaribu mwilini mwake mwenyewe kwa miaka sita, mpaka akafika matone manane.

Siku ya tatu baada ya kumzika mama yao, pacha wake Doto, mwalimu wa sekondari, alikuwa hajapata hata lepe la usingizi. Asubuhi hiyo walipita pamoja nje ya kibanda.

"Utaanguka, Doto," Kulwa alimwambia. "Jaribu mara moja tu. Mgeni ni tone moja, halina neno."

"Hiyo dawa yako siipendi, na unajua."

"Najua. Ingia bwana, nakungoja hapa."

Doto akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaingia. Kulwa akabaki nje akipokea simu za pole.

Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Kulwa alipofungua mlango alimkuta Doto ameketi, kidevu kifuani, midomo ya zambarau. Alivuta pumzi moja, akakaa kimya mno, akavuta nyingine. Taa ya kibanda ilikuwa ya kijani. Kengele haikulia, kwa sababu kumbukumbu zilionyesha kwamba mteja huyu hupumua polepole siku zote.

Ndani ya gari-ruka la wagonjwa, Kulwa alifungua rekodi ya sauti ya kibanda.

"Umetambulika kuwa Kulwa Masanja. Ni kweli?"

Kikafuata kicheko cha Doto, cha uchovu. "Haya, ndiyo mimi."

Pacha wa kufanana huchoka kueleza. Tangu utotoni kila mmoja aliitikia jina la mwenzake ili watu wapite na safari zao, na hata pale msibani Kulwa alikuwa ameitikia "Doto" mara kumi bila kumsahihisha mtu. Damu yao ilikuwa moja, vinasaba vile vile. Ulimwengu mzima ungeweza kulisahau jambo hilo, lakini yeye alilisahauje? Alijichukia.

Hospitalini mashine ilimpumulia Doto kwa saa saba.

"Tone moja lingemlaza tu," daktari alisema. "Manane yameilaza na pumzi. Ubongo umekosa hewa muda mrefu mno."

Saa tisa alasiri wakaizima mashine. Muuguzi akaleta kibao cha kutia sahihi.

"Pole sana, mama. Hapa, taratibu tu."

Kalamu ilicheza mkononi mwa Kulwa, haikuandika kitu. Jasho lilimtoka shingoni, moyo ulimwenda mbio. Muuguzi akamshika mkono.

"Lia, mama. Usijizuie."

Kulwa alitaka sana kulia. Alimtazama pacha wake pale kitandani, akalitafuta chozi, hakulipata. Tangu alfajiri hakuwa amepata hata tone, na mwili wake haukujua msiba wala ndugu, ulidai matone yake tu.

"Dada," alimwambia muuguzi kwa sauti ndogo, bila kumtazama usoni, "kibanda cha hapa karibu kiko wapi?"